Mafuta ya Kutoa Gundi

"Usiguse hapo," Stellah alisema, kabla hata Kavutha hajamgusa.

"Madam, nisipogusa hapo wigi itatoka vipi? Niiimbie?"

Madam ndilo neno la Kavutha kwa wateja asiowapenda. Leo alimwita hivyo wifi yake, mke wa ndugu yake Kiema, tena akalitamka mdomo umejaa.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chini ya jengo la ofisi huko Upper Hill, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali. Hospitalini ndiko Stellah alikotoka asubuhi ile, amerudishwa. Alikuwa na uvimbe kichwani, nyuma ya sikio, na kesho yake wampasue. Muuguzi alipoiona wigi iliyogandishwa kwa gundi alimwambia akaitoe na arudi siku hiyo hiyo, lakini ngozi ikichubuka hawampasui, na kitanda atapewa mwingine. Kitanda chenyewe alikuwa amekingoja tangu mwanzo wa mwaka, na uvimbe haukuwa ukimngoja.

"Niliivuta nyumbani ikauma," alisema. "Kiema akaniambia wewe una dawa."

"Kiema hajanipigia simu tangu tumzike mama, lakini dawa yangu anaijua. Haya, tulia."

Dawa yenyewe ilikuwa mafuta ya kiwandani, mepesi, maangavu, hayana hata harufu. Aliyanunua kwa Kamlesh, muuza malighafi za vipodozi kule River Road. Kwenye galoni paliandikwa isopropili miristati, jina la kuvunja ulimi, kwa hiyo saluni nzima iliyaita IPM. Ndiyo yanayofanya losheni iteleze bila kunata na podari ikae laini usoni. Gundi ya wigi ikiyanywa hulegea. Ila hayataki pupa. Unapaka, unangoja, unapaka tena. Ukiharakisha, gundi huondoka na ngozi.

Kavutha alipitisha brashi kwenye paji la uso, akapitisha juu ya masikio, akasimama kungoja. Kungoja huko ndiko kulikowashinda wote wawili.

Karibu na mlango, kwenye msumari, ilining'inia leso ya zambarau iliyopauka. Hakuna aliyeruhusiwa kuifutia mikono. Stellah aliiona kwenye kioo.

"Ile si leso ya mama?"

"Usimwite mama."

"Kwani nimwiteje?"

"Mwite mzigo! Si ndivyo ulivyomwita ukimtoa kwako Uthiru na miguu imevimba? Mtu ana siku yake ya kliniki, wewe unamrudisha Makueni! Akafia huko. Halafu ukaja matangani na wigi mpya. Huna haya, Stellah. Huna hata chembe."

Stellah hakugeuka. Alimtazama kwenye kioo.

"Umemaliza? Tikiti alikata Kiema. Mimi nilimwosha hiyo miguu, nikamfulia, nikamwamkia usiku, mpaka nikachoka. Ndiyo, nilichoka, sikatai. Na wewe je? Ulikuwa na chumba chako Dagoretti. Ulimwambia hata siku moja, mama, njoo ulale kwangu?"

Wigi ilikuwa imeshaachia mbele na pembeni, ikabaki nyuma ya sikio tu, pale pale penye uvimbe, na ukingo wake ulikuwa mkononi mwa Kavutha. Alimchukia mwanamke huyu mpaka kooni. Kuvuta mara moja tu, halafu aseme ni gundi. Nani angebisha?

Akavuta.

Stellah aling'ang'ania kiti, shingo ikamkakamaa. Kavutha aliiona ngozi ikiinuka pamoja na gundi, imetanuka, inataka kuachana, na vidole vikamlegea vyenyewe.

"Vuta basi," Stellah alisema, machozi yanamtoka. "Si ndicho unachotaka?"

"Nyamaza."

Aliiacha brashi. Alimimina mafuta kiganjani, akakiweka kiganja juu ya uvimbe, akakishikilia hapo. Ulikuwa na ukubwa wa limau, tena wa moto. Hakujua kama ungekuwa wa moto. Akangoja, akaongeza mafuta, akangoja tena.

Mwishowe wigi ikatoka yote, imelowa. Chini yake kulikuwa na nywele chache, nyingi zikiwa mvi.

"Imechubuka?"

"Haijachubuka."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimesema haijachubuka. Nenda, utachelewa."

Stellah alisimama. Aliishika wigi, mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Isingevalika tena siku hiyo. Aliangalia msumari.

"Nipe kitu nijifunike, Kavutha. Barabara imejaa watu."

"Sina."

Leso ilikuwa pale, wote wawili wanaiona. Stellah aliitikia kwa kichwa, mara moja, akaiacha wigi kwenye kiti akatoka. Mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake.

Kavutha alimwona akingoja magari yapite, kiganja amekibandika nyuma ya sikio. Watu wa ofisini walikuwa wakitoka kwenda kula. Mmoja aligeuka, kisha wengine.

"Mjinga huyu," Kavutha alisema. "Mjinga kabisa."

Aliinyofoa leso msumarini, akashika kitasa. Kikateleza. Akashika kwa mkono wa pili, nao ukateleza kwa mafuta, na huko nje Stellah alikuwa ameshateremka kwenye lami. Akakizungushia leso ya mama yake, akashika tena.