Magoti ya Namunyak

Namunyak aling'oa majani mabichi kando ya zizi, akamtazama binti yake. "Twende, Naserian. Tukimwombea kaka yako sisi wawili, baba yako hatakataa."

Jana yake Parmuat, kaka yake Naserian, alilisha ng'ombe kwenye malisho waliyotengewa ndama, na mzee mmoja alipomkaripia, Parmuat akamwinulia fimbo. Sasa baba yao, Lekoko, alikuwa ameketi na wazee wa kijiji cha Malambo, na alikwisha kutamka: Parmuat aondoke bomani, asirudi.

Lakini pembeni alisimama Anneth, rafiki yake Naserian wa chuo aliyekuja kutembea kutoka Karatu. "Nenda tu, Yeyo," Naserian akamnong'oneza mama yake. "Mimi siwezi kujitupa chini mbele za watu."

Namunyak akaenda peke yake. Akapiga magoti vumbini, akainua majani yake ya kuomba amani. Naserian akainamia simu, ingawa mtandao haukuwepo.

"Si ndiyo hii uliyoiandika?" Anneth akauliza taratibu.

Ndiyo yenyewe. Tasnifu ya Naserian ilihusu malkia wa Ulaya ya enzi za kati. Zamani watafiti walitafuta vita na sheria, wakaona malkia hakuwa na lolote. Siku hizi wanamtazama akipiga magoti kumwombea aliyehukumiwa, wanasema hapo ndipo alipotawala, maana mfalme alipata njia ya kulegeza neno lake bila kudharaulika. Naserian alisifiwa sana kwa sura hiyo ya tasnifu.

Uso ukamwaka moto. Miguu, hata hivyo, haikusogea.

Lekoko alimtazama mkewe. Kisha akanyoosha mkono, akayapokea majani. "Mama yake amekuja," akawaambia wazee. "Basi Parmuat abaki. Ampelekee mzee mtamba, amwombe radhi."

Namunyak alipotaka kuinuka, goti moja likakataa. Aliyemkimbilia ni Anneth.

Baadaye Naserian alimkuta mama yake ndani akichochea moto wa chai, Anneth ameketi kando yake.

"Yeyo, nisamehe."

"Kwa lipi? Wewe umesoma," Namunyak akasema bila hasira, na hilo likamchoma Naserian zaidi. "Tena mgeni wako alikuwa anaangalia."

Akamimina kikombe cha kwanza, akampa Anneth. Naserian akabaki amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke. Nje ng'ombe walikuwa wakirudi, na sauti ya Parmuat ilisikika ikiwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine.