Imla ya Mwalimu Mwaija

Mwalimu Mwaija alitaka riwaya yake iishe kabla shule haijafunguliwa. Akishaingia darasani, alijua, kalamu itarudi kwenye madaftari ya watu. Lakini ualimu ulikuwa umemkaa mwilini mno: kila sentensi aliyoandika aliipiga mstari mwekundu kabla wino haujakauka. Likizo ikawa inayoyoma, na riwaya bado haina hata ukurasa mmoja.

Alfajiri moja, ukungu umelala juu ya mkonge wa Korogwe, akaamua kujipa imla. Sheria zake wanafunzi walizijua: mkono hausimami, hakuna kufuta, neno likikupotea andika lijalo. Akafumba macho, akaanza. Kwanza yalimwagika makapi tu, sabuni imekwisha, kuku wa jirani kero. Kisha mkono ukachanganya mwendo, ukavuka mto Pangani, ukashika njia ya vumbi ya Handeni, ukamkuta mwanamke akipepeta mahindi huku akizungumza na binti yake.

Mumewe, Athuman, akachungulia. "Imla hiyo, mwalimu, nani anakusomea?"

Mwaija akazidi kuandika. Alikuwa mbali.

Alipofumbua macho akasoma, na moyo ukampasuka. Yule mwanamke alikuwa akisema Kizigua, lugha ya kwao Mwaija, kurasa nzima nzima, kwa sauti ya marehemu mama yake. Sauti ile Mwaija alikwisha kuisahau, akailia kwa kuisahau.

Ukutani kilining'inia kibao cha shule, alichokileta nyumbani kukipaka rangi upya. Mtoto akiteleza darasani akasema lugha ya kwao, alivishwa hicho shingoni mpaka jioni. Mwaija aliwavisha wengi, tena kwa ukali. Akaona haya, haya ya kweli.

"Aliyekuwa ananisomea ni mama," akamwambia Athuman, machozi yakimtiririka.

Tangu hapo hakusimama. Kila alfajiri imla, kila mchana riwaya, na kalamu nyekundu akaisahau kabisa. Kitabu kikaisha kabla ya kengele ya shule.

Siku ya kwanza darasani, mtoto Rehani akasimama kueleza habari za likizo, na alipofika kwenye maneno ya mama yake akateleza akaingia Kizigua. Darasa zima likageuka kuutazama msumari mtupu kilikozoea kuning'inia kibao.

"Mwalimu, kibao kiko wapi?" akauliza mwanafunzi mmoja.

"Nilikifanya kuni za chai," akasema Mwaija. "Haya, Rehani, endelea. Mama alisemaje?"