Skrubu Nne za Chumba cha Saba

Katika nyumba ile ya kuhifadhi wanawake waliokimbia makwao, mwanamke akipokelewa hakupewa shuka kwanza wala sabuni. Alipewa bisibisi. Matroni, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimfikisha chumbani, akamwekea mkononi komeo jipya na skrubu nne, kisha akamwambia, "Lifunge mwenyewe mwanangu. Komeo la kufungiwa na watu ni la watu." Halafu alisimama koridoni akiwa amempa mgongo mpaka kazi iishe. Wapo waliomaliza kwa dakika kumi. Yupo mmoja aliyetumia siku mbili, kwa kuwa mikono ilimtetemeka, na hakuna aliyemcheka.

Huyo wa siku mbili walimwita Kiatu, maana alilala na viatu miguuni. Miaka miwili ya kulala kwenye vibaraza vya maduka ilimfunza kwamba anayevua viatu huamka hana viatu, na usiombe uamke unatakiwa kukimbia. Kabla ya vibaraza palikuwa na mume. Mume huyo alianza kwa kung'oa komeo la bafuni, eti mke na mume hawafichani. Wiki iliyofuata akang'oa la chumbani. Yaliyokuja baada ya hapo Kiatu hayasimulii, na sisi ni nani hata tumsimulie? Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ilimchukua miezi minne. Siku moja alasiri alirudi kutoka kwa dobi, alikokuwa akipiga pasi mashati ya watu, akasukuma komeo, akajilaza. Alipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na viatu vilikuwa chini ya kitanda. Hakukumbuka kuvivua. Alikaa akitazama vidole vyake vya miguu, akacheka peke yake kama chizi, kisha akalia, kisha akaenda jikoni kumwambia matroni.  Matroni alimmiminia chai na kumwongezea sukari bila kuombwa.

Sasa, maji hayakosi kuzidi unga. Mwanamke wa chumba cha pili, aliyeitwa Mama Pacha, alikuwa na kifafa. Siku moja kifafa kilimwangusha akiwa amejifungia, ikabidi mlango uvunjwe kwa shoka. Alitoka na nundu kwenye paji la uso, na jambo la kwanza alilouliza ni nani atamlipia mlango wake.

Meneja alikuwa mpya, hana hata mwezi. Dada msomi, mwenye faili lenye vibandiko vya rangi, na tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa kupenda kuokoa watu bila kuwauliza. Aliwakusanya wote kumi na mmoja sebuleni.

"Dada zangu, juzi tungeweza kuzika mtu hapa," alisema. "Alhamisi fundi atakuja kutoa makomeo yote. Vitasa vinatosha. Na funguo za akiba zitakaa ofisini."

"Atazishika nani?" aliuliza Kiatu.

"Mimi. Nisipokuwepo, mlinzi."

Mlinzi alikuwa mwanamume. Hakuwa na baya, masikini, lakini sebule nzima iligeuka kumtazama meneja.

Mama Pacha aliinua mkono. "Samahani, meneja. Aliyeanguka ni mimi. Na mimi komeo langu nalitaka."

"Wewe hukujiona ulivyokuwa, dada."

"Nilijiona nilivyokuwa kabla ya kuja hapa. Huko hapakuwa na komeo, na nilianguka mara nyingi zaidi, tena bila kifafa."

Meneja aliandika kitu kwenye faili, akafunga kikao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye jioni alirudi kwake, akafunga geti, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

Alhamisi fundi seremala alifika na boksi lake la vifaa. Chumba baada ya chumba, makomeo yakaingia kwenye mfuko wa plastiki, yakigongana. Alipofika cha saba alimkuta Kiatu ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, miguu ameinyoosha mpaka ukuta wa pili wa koridoni.

"Dada, nipishe nifanye kazi."

"Fanya. Anza na mimi, ukimaliza utaufikia mlango."

Fundi alijikuna kichwa. "Mimi nimeambiwa nitoe makomeo, sikuambiwa nitoe watu," alisema, akakiruka chumba hicho, akaenda kumalizia vilivyobaki.

Meneja akaja mwenyewe. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Kesho bodi inakuja na wafadhili," alisema taratibu. "Wakishaondoka, kitatoka kimoja kati ya viwili, komeo lako au begi lako. Sheria ni ya wote."

Kiatu alijua hesabu yake. Bila komeo viatu vingerudi miguuni, na mtu wa kulala na viatu ndani ya nyumba ana tofauti gani na wa kibarazani? Kibarazani angalau hakuna mwenye ufunguo. Akafunga begi lake akaliweka juu ya kitanda. Aliogopa, tena sana, na alikasirika kuliko alivyoogopa.

Ijumaa asubuhi meneja alitoka kwenda kuwapokea wageni. Matroni naye akasema anakwenda sokoni. Juu ya meza ya jikoni alikuwa amesahau bisibisi tatu. Mwanamke huyu hakuwahi kusahau hata kijiko.

Wanawake walizitazama. Mama Pacha ndiye aliyechukua ya kwanza. "Meneja anataka milango isiyofungwa," alisema. "Kwa nini tumnyime? Bawaba nazo si zimeshikwa na skrubu?"

Wakaangua kicheko. Kisha Mama Pacha akamgeukia Kiatu, na kicheko kikapungua. "Wewe komeo lako bado lipo. Wako uache, hatutakulaumu."

Kiatu alikwenda mpaka cha saba. Aliligusa komeo lake, lile la siku mbili. Lilikuwa limekaa upande kidogo, na skrubu moja ilikuwa na kichwa kilichochubuka kwa mikono yake mwenyewe. Ulikuwa ndio mlango pekee katika korido nzima uliobaki na maana. Alirudi jikoni, akanyoosha mkono apewe bisibisi.

"Tunaanza na wangu," alisema.

Waliofunga makomeo kwa mikono yao hawahitaji kufundishwa bawaba. Wawili walishika, mmoja akafungua, na milango ikatoka mmoja baada ya mwingine kubebwa uani. Walitoa kumi na mmoja ya vyumba, hata wa Mama Pacha uliopigwa kiraka baada ya shoka. Wakatoa wa ofisi, ulioachwa wazi ili sakafu ikauke. Mwisho wakatoa wa choo cha wageni, ule wenye kioo cha ukungu na kitasa cha kung'aa. Kumi na mitatu waliiegemeza ukutani, wakaipangusa vumbi, maana mgeni njoo mwenyeji apone.

Wageni walifika saa nne. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mnene mwenye mkoba mzito na safari ndefu nyuma yake. Meneja aliiona ile milango, na faili likamponyoka.

"Hii ni nini?" alinong'ona.

Kabla hajajibiwa, mwenyekiti akauliza jambo lililomuuma zaidi kwa wakati ule. "Naomba kwanza msalani, jamani."

Kiatu alimwonyesha kwa adabu zote. Mama akaenda, akarudi upesi.

"Choo hakina mlango."

"Upo hapa, mama. Wa tatu kutoka kushoto," alisema Kiatu. "Lakini usiwe na wasiwasi. Mlinzi tutamwambia asiangalie."

"Mnanitania?"

"Hapana, mama. Tumeambiwa mlango wa kufungwa kwa ndani ni hatari. Mtu anaweza kuzimia."

Meneja alijitosa. "Mwenyekiti, naomba nieleze. Kuna mwenzao aliyeanguka, tukavunja..."

"Ni mimi," alisema Mama Pacha, akaonyesha nundu. "Nilifunikwa blanketi, nikapewa maji, na wote walipiga hodi kabla ya kuvunja. Sijawahi kuanguka vizuri vile."

Kiatu hakuwa amepanga kusema zaidi. Lakini alimwona meneja akiinama kuokota karatasi zake, mikono ikimtetemeka, na kumbe mikono inayotetemeka anaifahamu. Sauti ikamtoka, si ya ukali, ila haikurudi nyuma.

"Mume wangu naye alianza na komeo," alisema. "Akasema ni kwa usalama wangu. Maneno ni yaleyale, dada. Nayajua kama jina langu. Siwezi kuyasikia tena ndani ya nyumba niliyoambiwa ni yangu. Begi langu liko tayari. Mlango ukibaki hivi, naondoka, lakini sitaondoka kimyakimya."

 Meneja alibaki ameinama, karatasi mkononi, hasogei.

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Nimesikia. Tutazungumza, tena kwa kirefu. Ila kwanza, kwa hisani yenu, nirudishieni ule wa tatu kutoka kushoto."

"Dakika tano tu, mama," alisema Mama Pacha, tayari na bisibisi. "Jikaze."

Zilikuwa nne. Mama akaingia, na wote waliokuwa uani, wenyeji na wageni, wakasikia komeo likisukumwa kwa ndani: ta! Hakuna aliyecheka. Meneja aliutazama ule mlango uliofungwa, kisha akamtazama Kiatu.

Mazungumzo yalichukua mchana mzima. Fundi aliitwa, akasema yapo makomeo yanayoweza kufunguliwa kwa nje kwa ufunguo maalumu; kwa nini hawakumuuliza tangu mwanzo? Ikaamuliwa yafungwe hayo, kila mwanamke alifunge la kwake, na ufunguo wa nje ampe anayemtaka yeye. Ofisi haitashika hata mmoja. Mama Pacha alimpa Kiatu wake papo hapo. Kiatu alipoulizwa wake atampa nani, alisema ataendelea kufikiri, na akauvaa shingoni.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, alasiri, mlango wa chumba cha saba uligongwa. Zamani meneja aligonga huku akisukuma mlango. Safari hii aligonga, akangoja.

"Nani?"

"Mimi, meneja. Nina barua ya bodi, nimekuletea nakala."

"Subiri."

Kiatu hakuwa na shughuli yoyote. Alikuwa amelala chali, peku, viatu viko kando ya dirisha vikipigwa upepo. Alisikia karatasi ikihamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine huko koridoni. Aliutazama mlango, na komeo jipya, na skrubu nne, ambazo safari hii zilikaa sawasawa. Akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, akageukia ukutani, na meneja akasubiri.