Zeze la Nyamizi Lapewa Kadi ya Kliniki

Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Nyamizi alikuwa amechuchumaa uani kwake mjini Bariadi akichambua mchicha. Maji ya ugali yalikuwa yanakaribia kuchemka. Josia, mwanawe wa kwanza, alitaka kusainiwa daftari. Esteria alitaka kusukwa. Kwandu, wa miaka minne, alikuwa amevua kaptula na hakutaka kusema ameiacha wapi. Mama mkwe, Bibi Monika, alikaa mkekani akimenya karanga. Ndipo zeze lililokuwa juu ya kabati chumbani likaanza kulia.

Halikulia kwa nyuzi. Lililia kama kichanga mwenye njaa: kilio kifupi, pumzi, kilio kirefu.

"Mtoto analia," alisema Bibi Monika bila kuinua macho. "Mchukue."

Nyamizi akamwambia kwamba hilo ni zeze.

"Nasikia, mayu. Mchukue."

Akanawa mikono, akalishusha, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga na kulipakata. Alipogusa uzi wa kwanza likanyamaza. Alipoacha, likalia tena. Basi akapiga kwa dakika arobaini, na katika dakika hizo hakuna aliyemwita. Huko uani Bibi Monika aliinuka akasonga ugali mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahamie kwao miaka sita iliyopita, kwa sababu mama mwenye kichanga mikononi haitwi jikoni.

Zeze hilo lilitengenezwa na mjomba wake, Mabula wa Nkoma, ambaye alimwachia kwa mdomo, mbele ya watu, siku tatu kabla ya kufa. Kwa miaka tisa Nyamizi alikuwa akitafuta nusu saa ya kujifunza kulipiga. Alijaribu alfajiri, jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Alijaribu mchana ofisini, huko masjala, akaletewa mafaili ya watu waliokwenda kula. Alijaribu chooni, mlango ukagongwa na watu watatu, mmoja wao si wa nyumba ile. Mumewe, Maduhu, mwenye duka la dawa za mifugo, hakumkataza hata siku moja. Alimwambia kwa upole kwamba muda upo, ni mtu kujipanga tu. Yeye mwenyewe alikuwa amejipanga: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili alikuwa kwenye drafti.

Zeze lililia Jumatano, likalia Alhamisi, saa ileile. Ijumaa Maduhu alirudi mapema, akasimama mlangoni akiwa na kofia mkononi, akauliza kama mtoto ameshiba. Kisha akasema ataitwa Mayige, jina la marehemu baba yake. Nyamizi alikuwa amefikiria Mabula, jina la aliyelichonga, lakini akakumbushwa kwamba mtoto ni wa upande wa baba. Tangu siku hiyo hakuna nyumbani aliyesema "lile zeze". Wote walisema "yule".

Wiki iliyofuata akampeleka kliniki, akapanga foleni na wanawake wengine. Muuguzi, Faraja, alimning'iniza Mayige kwenye mizani kwa kamba ya shingoni, akasoma kilo moja na gramu mia mbili, akaandika "njiti" kwenye kadi, yaani aliyezaliwa kabla ya siku zake. Alimgombeza Nyamizi kwa kuchelewa kuja. Akamwagiza ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, saa mbili kwa siku bila kukatishwa, na kama kuna mtu nyumbani atakayemsumbua, mtu huyo aje aongee naye.

Ofisini, afisa utumishi aliyeitwa Hamimu aliikagua kadi mbele na nyuma. Huyu ndiye aliyekuwa ameikataa barua yake ya kuomba siku nne ili aende kwa mzee mmoja wa Bukundi anayefundisha zeze.

"Kile kifungu cha muziki hakipo," alisema. "Cha mtoto kipo. Siku themanini na nne."

Akagonga mhuri, akampa hongera.

Zilikuwa siku njema. Nyamizi alikaa kitandani ameegemea mito, Mayige kifuani, na watu wakaingia kwa kunyata. Walimletea uji wa ulezi na supu ya miguu ya ng'ombe. Esteria alisukwa na shangazi. Kaptula ya Kwandu ilitafutwa na baba yake, akaipata. Vidole vya Nyamizi vilivimba, vikapasuka, kisha vikaota sugu. Kila jioni wanaume wa drafti walipita kumpongeza Maduhu, wakimwambia amejitahidi, naye akijibu kwamba ni Mungu.

Siku ya hamsini na moja akaupata wimbo. Ulikuwa ule ambao mjomba wake aliupiga akiwa amekaa kwenye tuta la pamba wakati Nyamizi na watoto wenzake wakipalilia, wimbo ambao kila mara katikati yake ulikuwa unamponyoka. Safari hii haukumponyoka. Aliupiga mara tano mfululizo, na mara ya tano akalia bila kuacha kupiga. Bibi Monika alichungulia, akadhani ni uchovu wa uzazi, akamwongezea uji.

Mwishoni mwa likizo walialikwa arusi huko Migato. Nyamizi aliombwa amchangamshe mtoto kidogo. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akampakata Mayige, akapiga wimbo wa mjomba wake mwanzo hadi mwisho. Waliokuwa wanakula wakaacha kula. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alivua miwani. Ulipokwisha, mshereheshaji akashika kipaza sauti akaomba baba mzazi wa mtoto asimame wamwone.

Maduhu akasimama, akafunga kifungo cha koti. Walimpigia makofi kwa muda mrefu. Alisema kulea si mchezo, kwamba wazazi wengi siku hizi husingizia kukosa muda, lakini siri ni kujipanga. Wakampigia tena.

Njiani wakirudi, Nyamizi alimbeba Mayige mgongoni. Walipita mashamba mawili ya pamba.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe nini?"

"Nimepiga mimi."

Maduhu akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta kosa lake. "Ndiyo," akasema. "Wewe ni mama yake."

Likizo ikaisha, Nyamizi akarudi masjala. Mwezi wa sita Mayige aliacha kulia, kama watoto waliokua wanavyoacha. Alikaa ameegemea ukuta wa sebule, mtulivu, mwenye adabu, na wageni walimsifu. Siku moja saa kumi na moja Nyamizi alimpakata, na kabla hajagusa uzi sauti ya Bibi Monika ikatoka uani, ikisema mtoto mkubwa vile asidekezwe, na mboga bado hazijachambuliwa. Akamrudisha ukutani, akaenda kuchambua. Wakiwa kwenye mboga, Bibi Monika alimwuliza, kwa wema, ni lini Mayige atapata mdogo wake.

Nyamizi alitafakari swali hilo kwa siku tatu. Jumamosi akaenda kwa Selestini, mchonga ngoma, nyuma ya soko la mahindi.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila, mayu. Nikuchongee ya namna gani?"

Akasema anataka kubwa, yenye ngozi ya fahali, inayosikika hata mtu akiwa kwenye drafti. Selestini alimwonyesha gogo lililokuwa bado linatoa utomvu. Akaeleza kwamba mti lazima ukauke kivulini kwanza, ukiharakishwa hupasuka, na kwamba yeye hapokei kazi ya haraka kutoka kwa mtu yeyote.

"Miezi mingapi?"

"Tisa."

Nyamizi akalipapasa gogo, akasema atasubiri. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alipoingia uani akiwa na ndoo ya maji kichwani, aliwakuta wanaume wa drafti wamejaa kwenye mkeka, wanampongeza Maduhu.