Dizeli ya Mama Kreti

Mama Kreti aliingia uvunguni mwa lori la pili kati ya mawili yaliyokuwa yakiuzwa, gauni amelikusanya kiunoni, akazipapasa springi za nyuma kama anayetafuta uvimbe kwenye mguu wa mtoto. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisukuma kreti za soda kwa mkokoteni, kutoka ghalani hadi madukani. Ndiko jina lilikotoka. Leo alikuja yadi ya magari kununua, si kuomba kibarua.

"Toka huko mama, utachafuka," muuzaji alisema. "Lako ni lile la petroli. Jepesi, halina kelele, rangi bado inang'aa. Hili la dizeli limezeeka, halafu lazima lipimwe moshi ndipo upewe stika ya kubebea mizigo. Utasumbuliwa bure."

Mama Kreti akamgeukia mdogo wake, fundi wa magari aliyemsindikiza.

"Petroli haitakusumbua kuwaka asubuhi, dada," fundi alisema. "Ila inakunywa, na bei yake imepanda mara tatu mwaka huu. Kwenye mzigo sisemi kitu."

"Basi tuyapakie mchanga, yaseme yenyewe."

Muuzaji alicheka mpaka akashika tumbo. Alipoona Mama Kreti hacheki, akaita wapakizi.

Mifuko thelathini kila lori, na mlima wa kwenda machimboni. Mama Kreti aliendesha mwenyewe. Leseni alikuwa ameipata mwaka uliopita, akijifunzia kwenye magari ya wateja wa mdogo wake. La petroli liliondoka kwa mbwembwe, likafika katikati, rejeta ikaanza kupiga mluzi wa maji yanayochemka, likasimama. La dizeli lilinguruma, likatema moshi kidogo, likapanda taratibu bila kusimama. Aliyezoea kusukuma mzigo kwa mwili wake hahitaji kuambiwa injini inapochoka. Hii haikuchoka. Kule juu alizima, akashuka, akaligonga bodi kwa kiganja.

"Nakuchukua wewe, mzee."

Mchana ule ule alikuwa ofisi ya ukaguzi wa magari, katika foleni ya malori saba, yote ya dizeli. Zamu yake ilipofika, afisa hakuinua hata macho.

"Mashine ya moshi ni mbovu."

"Tangu lini, bosi?"

"Tangu mwaka jana."

"Na hao wenye stika, walipimwa na nini?"

Afisa akainua macho sasa, akatabasamu. "Mama, watu wanaelewana. Ukitoa ya chai, jioni unabeba mizigo yako. Ungenunua la petroli usingefika hapa."

"La petroli lilishindwa mlima," Mama Kreti alisema. "Nililipa kodi, na ada ya kupimwa nimelipa dirisha lile pale. Nipime."

"Nikupime kwa pua?"

"Basi niandikie kwamba mashine ni mbovu, utie sahihi."

"Siandiki kitu kama hicho."

Mama Kreti aliivuta fomu yake. Mkono wake ulikuwa mnene na mgumu, lakini herufi zilitoka zimenyooka. Penye nafasi ya kipimo cha moshi aliandika: *Sikupimwa. Mashine ya ofisi ni mbovu tangu mwaka jana.* Akaweka tarehe, jina lake kamili na sahihi.

"Gonga muhuri wa kupokea."

"Kwa hiyo hutapata stika, unajua?"

"Najua. Muhuri."

Afisa aliisukuma fomu pembeni bila kuigonga. Mama Kreti hakuondoka dirishani. Nyuma yake dereva wa lori la mawe, mtu mzima mwenye mvi, alikohoa.

"Dada, hiyo kalamu ni yako?"

"Yangu."

"Hebu niazime. Na hayo maneno, nisomee polepole niyaandike vilevile."

Akamsomea. Yule alipomaliza, kalamu ikaenda kwa wa tatu, kisha wa nne, hadi wa mwisho. Afisa alisimama, akafunga dirisha kabla ya saa ya kufunga. Fomu sita zikapitishwa chini ya kioo, moja baada ya nyingine, zikaifuata ile ya kwanza. Mama Kreti akatoka nje, mgongo umenyooka, akapanda lori lake lisilo na stika na kulirudisha nyumbani tupu.