Kambale wa Zuhura

Jumamosi baada ya Magharibi, Naseeb na rafiki yake Pandu walipakia mishipi kwenye baki, ile pikapu ya Naseeb, wakaongeza ndoo ya maini ya kuku yaliyoanza kunuka, wakateremka kutoka Mayfair hadi mto Vaal. Baridi ya Johannesburg ilikuwa imekwisha, maji yameanza kupata joto, na kambale huuma usiku. Walirudi alfajiri. Biubwa, mke wa Naseeb, aliwamwaga samaki kwenye sinki na kushika kisu, ndipo akaona kuwa wameshapakwa viungo.

Kitunguu thaumu, ukwaju, bizari, pilipili mbichi, na kwa mbali mchaichai. Vilikuwa vimeingia hadi mifupani. Biubwa aliwaosha kwa unga na ndimu. Maji yakatoka meupe, viungo vikabaki palepale.

"Nani kawapaka?" aliuliza.

"Wametoka hivyo hivyo mtoni," Pandu alisema, akivua viatu mlangoni. "Wangu mimi wananuka tope kama kawaida. Wa mumeo tu ndio wako hivi. Eish, shemeji, wakaange basi, njaa inauma."

Akawakaanga. Naseeb alikula mpaka kichwa, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akaegemea ukuta na kufumba macho. Tangu amuoe, Biubwa alikuwa amempikia pilau, mchuzi wa papa na biriani ya Idi, wala hajapata kumwona akifumba macho.

"Mkono wa Zuhura huu," Naseeb alisema, kama mtu anayetaja aina ya mchele.

Zuhura alikuwa mkewe wa Tanga. Naseeb alimwacha nyumbani kule Ngamiani na kumuaga kwamba anakwenda Afrika Kusini kutafuta, miezi michache tu. Alipomposa Biubwa, aliapa kwa Mungu kwamba yule wa Tanga ameshampa talaka.

Biubwa hakuwa na neno na mto. Mto una mambo yake. Kilichomchoma ni kwamba mwanamke aliyeachwa hampikii aliyemwacha. Akipewa talaka anakaa eda, akimaliza anawapikia wengine, na yule bwana akale hotelini. Zuhura alikuwa bado anapika, kwa hiyo Zuhura alikuwa bado mke. Kwa wivu Biubwa aliimwaga chai yake sinkini. Miaka yote hiyo alijijua kuwa mke peke yake katika nyumba ile.

Wiki iliyofuata ndoano ya Naseeb ilitoa kambale akiwa amelala juu ya sahani ya bati yenye maua, amefunikwa kawa. Naseeb alifika nayo mpaka mezani bila kumwaga mchuzi. Biubwa hakumgusa samaki yule. Lakini sahani ni sahani. Nyanya yake kule Unguja asingelala usingizi na chombo cha watu ndani, wala asingekirudisha kitupu.

Basi akaoka vileja. Akatia samli nzuri na hiliki nyingi, akavipanga duara mbili. Hakuvioka kwa wema, tusidanganyane. Alitaka yule wa Tanga avitafune, ajue kwamba nyumba hii ina mwenyewe na mwenyewe anajua jiko. Jumamosi akapanda baki pamoja nao, akaiweka sahani juu ya maji kwa mkono wake. Ikasita kidogo, kisha ikaanza kupanda mto, ikienda kinyume na mkondo. Pandu aliimulika kwa tochi mpaka ikapotea kwenye matete.

"Sharp," alisema, kwa maana ya mambo sawa, akarudi kwenye mshipi wake.

Hasira zilimsahaulisha Biubwa jambo ambalo kwao analijua hata msichana mdogo: baina ya wake wenza, chombo kikishakwenda na kurudi, wameshasalimiana na kukubaliana.

Sahani ilirudi wiki ile iliyofuata ikiwa na samaki wawili. Mkubwa alikuwa mwekundu kwa pilipili. Mdogo hakuwa na hata punje moja. Biubwa ana vidonda vya tumbo. Naseeb mwenyewe husahau, humletea mishikaki inayowaka moto kisha anashangaa mbona hali. Biubwa alimla yule mdogo amesimama jikoni, taa imezimwa. Alikuwa mtamu. Akalia kwa hasira, maana alitamani mke mwenza mwenye roho mbaya.

Naseeb alipotoka kuoga alimkuta anamngojea.

"Uliniambia umemwacha."

"Nilikusudia."

"Basi mwendee. Au mpe talaka yake, ajue moja. Mwanamke hatundikwi ukutani kama koti."

Naseeb alijifuta masikio kwa taulo. "Safari yote hiyo ya nini, Biubwa? Chakula si kinafika?"

Aliyasema bila ubaya wowote, akaenda kulala.

Jakaranda zikamwaga maua barabarani, na kambale wakaendelea kuja. Sahani ilikwenda na visheti, ikarudi na samaki. Ikaenda na kaimati, ikarudi na samaki. Zuhura hakupigiwa simu hata siku moja.

Halafu Naseeb akasema amepata kazi Durban.

"Miezi michache tu," alisema.

Biubwa alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Durban kuna mto?"

"Kuna bahari nzima."

Alimaliza mchele wake, akateremsha kinu, akatwanga kitunguu thaumu, tangawizi, bizari na pilipili, vingi kuliko vinavyohitajiwa na nyumba moja. Wivu ulikuwa palepale, haukupungua hata kidogo. Akaonja kwa ncha ya kidole, akafikiri, akachota pilipili na kuiweka kando. Huyo mwanamke wa Durban ambaye Naseeb angemwoa, Biubwa hakulijua bado tumbo lake.