Nyumba ya Irakoze Nyuma ya Jikoni

Pale Kilibula hakuna aliyemshinda Ngendakumana kwa kutoa sheria. Ndani ya parseli yake, kiwanja chake na nyumba yake, kulikuwa na sheria ya kurudi nyumbani, sheria ya simu mezani, hata sheria ya kucheka baada ya sala. Waliozifuata ni mke wake Pudentienne na mbuzi. Na mbuzi alizifuata kwa sababu alikuwa amefungwa kamba.

Binti yao Irakoze, aliyebakiza miezi michache kuitwa mtu mzima, hakuwa na kamba. Jumapili moja alirudi kutoka kwaya giza limeshaingia, anatafuna karanga kama mtu asiye na kesi. Ndugu za baba walikuwa wamekuja kuwatembelea kutoka Luberizi. Ngendakumana akasimama mbele yao, akanguruma:

"Humu kuko sheria yangu! Mwenye anataka sheria yake, ajenge nyumba yake!"

Wazee wakaitika, "Ndiyo!" Kosa likawa hapo. Kwao, neno hilo baba humwambia kijana wa kiume aliyekomaa, tena mbele ya wazee, likishatoka halirudi. Kijana hupewa kona ya uwanja, akajenga, na baba haingii humo tena bila hodi. Ngendakumana alitaka kutisha tu. Mdomo ukaponza kichwa.

Kesho yake Irakoze alitoka shuleni, akavua viatu, akaingia kwenye tope nyuma ya jikoni na kuanza kufyatua matofali.

"Weye, unafanya nini?"

"Najenga, Papa. Wazee balisikia."

"Ile neno iko ya batoto wanaume!"

"Basi mwite mutoto mwanaume wako, anisaidie kubeba maji."

Ngendakumana hakuwa na mtoto wa kiume.

Akampigia simu kaka yake wa Luberizi. "Kaka, binti anajenga!"

"Vizuri. Matofali iko imekauka?"

Akakata. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele.

"Umukataze basi," Pudentienne akasema.

"Nikimukataza, neno langu litakuwa nini mbele ya wazee?"

"Basi umuache."

"Nikimuacha, watu watasema nini?"

"Baba Irakoze, unataka atii ao asitii? Maana sasa anatii, na weye unalia."

Kuta zikapanda. Emery, kaka ya Pudentienne na fundi mwashi, alikuja jioni kunyoosha pembe. Hapo wasiwasi wenyewe ukamshika Ngendakumana: mlango utatazama wapi? Ukitazama uwanja, Irakoze bado ni mtoto wa pale. Ukitazama barabara, atakuwa kama mpangaji: anaingia na kutoka, na baba atasikia habari zake kwa wenye pikipiki. Kila asubuhi alizunguka kuta hizo kama anayetafuta kuku aliyepotea.

Siku moja akakuta nafasi mbili zimeachwa. Moja uwanjani, moja barabarani.

"Milango mbili, ya nini?"

"Sijui, Papa," Irakoze akasema, na safari hii sauti haikuwa na mwiba. "Nitamaliza masomo, sijui nitaenda wapi. Nikifunga huu wa uwanja naogopa. Nikifunga ule wa barabara, naogopa zaidi. Funga weye."

Ngendakumana akamnyang'anya Emery mwiko. Akaanza kuziba upande wa barabara akiwa na suruali yake ya misa. Ukuta ulipomfika kiunoni, akainua macho. Gari la Bukavu lilikuwa linapita limejaa watu, na Irakoze amesimama kando ya baba yake, analifuata kwa macho mpaka kona.

Akaweka tofali. Akaliondoa. Akaliweka tena.

"Shemeji," Emery akauliza, "sasa iko mulango ao iko dirisha?"

"Ngoja kwanza!"

Aliliondoa tofali lile, akabaki amelipakata kama mtoto mchanga.

"Mutu mufupi hawezi kuruka hapa," akasema mwishowe, kwa ukali.

"Miye siko mufupi, Papa."

"Hata mimi naona," Ngendakumana akajibu, na hakujua kama amemkataza au amempa ruhusa.